UCHANGANUZI: Madarasa ya kumkanda mtoto yaanika upweke wa mama mzazi

MADARASA ya kuwafunza wazazi wapya namna ya kuwakanda watoto wachanga yamekuwa jambo la kawaida katika miji ya Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1980, na siku hizi yanatangazwa pia katika mitaa ya kifahari jijini Nairobi.

Mama huja na mwanawe wa wiki sita au nane, taulo na kichupa cha mafuta. Huketi sakafuni pamoja na wenzake saba au wanane, huku mkufunzi aliyepakata mwanasesere akiwaonyesha jinsi ya kuteremsha kiganja kutoka pajani hadi kwenye unyayo, na jinsi ya kuzungusha vidole tumboni polepole ili hewa imtoke mtoto. Kazi hiyo ikiisha, chai huandaliwa na mazungumzo huanza.

Ni katika chai hiyo ambapo thamani ya darasa hupatikana. Wengi wa wazazi waliopitia huko hawasifu sana usingizi wa mtoto wala wepesi wa tumbo lake. Husimulia jinsi walivyompata mwenzao wa kumwandikia ujumbe saa tisa za usiku, mtoto anapolia bila kukoma na nyumba nzima imelala. Waliingia kutafuta ujuzi wa mikono, wakatoka na marafiki.

Suala hili laweza kuonekana kuwa la watu wenye nafasi na pesa, lisilomhusu mkazi wa Kariandusi, karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru. Hata hivyo, ukiliondoa taulo na ada ya masomo, kinachobaki ni swali linalomgusa mama wa Kariandusi kuliko yule wa Nairobi: ni nani anayemshika mkono mwanamke aliyejifungua mbali na kwao?

Kariandusi hujulikana kwa mawe. Ni hapo, takriban kilomita 120 kutoka Nairobi, kando ya barabara kuu ya kuelekea Nakuru, ambapo Louis Leakey alianza kuchimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yangali yanayahifadhi mahali yalipopatikana. Hatua chache kutoka hapo kuna machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi unaotumika kuchujia vinywaji na mafuta. Upande wa pili ni Ziwa Elementaita, ambalo mnamo 2011 liliorodheshwa na UNESCO kuwa sehemu ya urithi wa dunia pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria. Watalii huja kuona heroe na kuoga katika chemchemi za maji moto, kisha wakala nyama ya kuchoma Kikopey na kwenda zao.

Wasichokiona ni namna eneo hilo la kati la Bonde la Ufa lilivyojazwa na watu waliotoka kwingine. Wapo walioletwa na mashamba ya walowezi wakati wa ukoloni. Wapo walionunua vipande vya ardhi kupitia kampuni na vyama vya ushirika baada ya uhuru. Wapo waliofuata vibarua vya machimbo, mifugo, mboga na, huko Naivasha, maua. Na wapo waliofika Gilgil wakiwa wamebeba magodoro vichwani baada ya ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007.

Matokeo yake ni kwamba nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi inaweza kuwa na lugha tano. Mke wa kibarua aliyezaliwa Kakamega, Kisii au Turkana hujifungua akiwa hana mama, shangazi wala wifi wa kumchemshia maji. Mumewe hurudi kazini kesho yake, kwani siku moja bila kibarua ni siku moja bila unga.

Katika mila za jamii nyingi za nchi hii, mwanamke huyo hangeachwa peke yake. Miongoni mwa Waswahili wa pwani, mzazi huhesabiwa siku arobaini. Katika siku hizo hapiki wala hachoti maji. Huogeshwa kwa maji ya moto, hukandwa mgongo na tumbo, na mtoto naye hukandwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta na mwanamke mzima anayeijua kazi hiyo. Miongoni mwa Wakikuyu, wanawake huja kumwona mtoto wakiwa na uji na kuni, naye mama hupikiwa njahi ili maziwa yashuke. Kote humo kumkanda mtoto hakukuwa somo. Kulikuwa kisingizio cha mwanamke mwenye umri kuketi na mwanamke mchanga kwa saa nzima kila siku, kumtazama usoni, kuuliza anavyotokwa na damu, kuona kama amekula.

Hii ndiyo sababu inayofanya historia ya madarasa haya ichekeshe kidogo. Mfaransa Frédérick Leboyer, daktari wa uzazi, aliandika kitabu chake kuhusu kukanda watoto mnamo 1976 baada ya kumtazama mama mmoja wa Kihindi jijini Calcutta akimkanda mwanawe. Mmarekani Vimala McClure, mwanzilishi wa chama cha kimataifa cha wakufunzi wa kazi hiyo, alijifunza katika kituo cha mayatima nchini India mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilichokuwa cha bibi wa Calcutta, na kwa hakika cha bibi wa Lamu na wa Murang'a pia, kilichukuliwa Magharibi, kikapewa vyeti, na sasa kinarejeshwa Nairobi kikiwa na bei.

Isije ikadhaniwa kwamba kila alichofanya bibi kilikuwa chema. Kuna wakandaji waliominya matiti ya kichanga ili kukamua yale maziwa machache yanayotokana na homoni za mama, jambo linaloweza kusababisha jipu. Kuna waliofinya fuvu ili kichwa kiwe cha mviringo, waliovuta pua iwe nyembamba, waliopaka kitovu majivu au samadi. Wengine walikata kimeo. Wahudumu wa afya wametumia miaka mingi kupinga mambo hayo, na walikuwa na haki. Hitilafu iliyotokea ni kwamba bibi mwenyewe aliondolewa chumbani pamoja na makosa yake, na nafasi yake haikujazwa na yeyote.

Sayansi inasemaje kuhusu ukandaji wenyewe? Inasema kwa sauti ya chini. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu malezi baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kumkanda mwili mzima kwa upole mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya ni jambo linaloweza kufikiriwa, kwa kuwa huenda likamfaa katika ukuaji. Neno ni huenda. Mapitio ya Cochrane yaliyochapishwa mnamo 2013, yaliyokusanya tafiti 34 kuhusu watoto wa chini ya miezi sita, yalikuta kwamba nyingi ya tafiti hizo zilifanywa kwa njia zisizoaminika vya kutosha, na kwamba hakuna msingi wa kudai makubwa kwa mtoto mzima wa afya.

Hata mafuta yana maswali. WHO haipendekezi kumpaka mtoto mchanga mwenye afya mafuta kila siku kwa nia ya kumkinga na magonjwa ya ngozi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester uliochapishwa mnamo 2015 ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni na ya alizeti yote mawili yaliichelewesha ngozi ya kichanga kujijengea ukuta wake wa kujikinga. Anayeuza chupa ya zeituni kwa mamia ya shilingi akidai ni dawa ya mtoto anauza hadithi.

Mguso ukiwa wa ngozi kwa ngozi, na mtoto akiwa njiti, mambo hubadilika kabisa. Utafiti ulioongozwa na WHO katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mnamo 2021, ulionyesha kwamba kumfunga mtoto mwenye uzani mdogo kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa robo. Njia hiyo, iitwayo ya kangaruu, ilibuniwa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hospitali haikuwa na mashine za joto za kutosha. Hospitali za Kenya nazo huitumia. Lakini huo ni mguso wa wodini, na mama akisharuhusiwa kwenda nyumbani hubaki na kifua chake tu.

Utafiti unaogusa kiini cha suala hili ulifanyika London na kuchapishwa mnamo 2001. Wanawake 34 waliokuwa wamezaa mara ya kwanza na kuonyesha dalili za huzuni kubwa waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilihudhuria darasa la kukanda watoto pamoja na kikao cha kuzungumza na wenzao. La pili lilihudhuria kikao cha mazungumzo peke yake. Baada ya wiki tano, walioshika watoto na kuwakanda walikuwa wameelewana nao zaidi, na huzuni yao ilikuwa imepungua zaidi. Ila huzuni ilipungua katika makundi yote mawili. Mkusanyiko ulikuwa umefanya kazi yake, na mikono ikaongezea.

Utafiti wa watu 34 ni mdogo, na London si Gilgil. Pamoja na hayo, ukubwa wa tatizo huku kwetu hauna shaka. Kwa makadirio ya WHO, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua katika nchi zinazoendelea hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa huzuni. Duniani kote kiwango hicho ni asilimia 13. Maswali kumi ya kuutambua ugonjwa huo yalitungwa Edinburgh mnamo 1987, na yanaweza kuulizwa kwa muda wa dakika tano. Katika zahanati ambapo muuguzi mmoja anapima uzani, anachanja, anajaza madaftari na kupokea wajawazito, dakika tano ni anasa.

Hapa ndipo mjadala unapopaswa kuachana na Nairobi na kutazama Bonde la Ufa lenyewe, kwa kuwa mifano bora ipo karibu.

Mfano wa kwanza ni wa Koibatek, katika Kaunti ya Baringo, kaskazini magharibi mwa jiji la Nakuru. Huko ndiko Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC walikojaribia mpango wa jamii rafiki kwa mtoto, unaopeleka kijijini yale masharti ya unyonyeshaji ambayo hapo awali yalikuwa ya hospitali pekee. Nguzo yake mojawapo ni vikundi vya akina mama wanaosaidiana: wanawake wa kijiji kimoja, wenye watoto wa umri unaokaribiana, wanaokutana mara kwa mara chini ya mama mwenzao aliyefunzwa. Katika vijiji vilivyopata mpango huo, kiwango cha watoto walionyonyeshwa bila kupewa chochote kingine hadi miezi sita kilikuwa cha juu kuliko kile cha vijiji ambavyo havikuupata. Wizara ilitoa mwongozo wa kuueneza nchini mnamo 2016.

Mfano wa pili ni wa magharibi. Mpango wa AMPATH, unaozileta pamoja Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani, ulianzisha mnamo 2012 vikundi vya wajawazito na wazazi wapya uliviita chama, kwa jina lile lile analolijua kila mwanamke wa Kenya. Mikutano huongozwa na wahudumu wa afya wa kijiji. Kwanza huzungumzwa somo la afya, kisha somo la maisha, halafu watu huweka akiba. Vikundi hivyo vilijaribiwa kwa makini Trans Nzoia, na wanachama wake walionekana kujifungua hospitalini kwa wingi kuliko wanawake waliotembelewa nyumbani mmoja mmoja.

Wadadisi wamejiuliza ni kipi katika chama kinachofanya kazi. Je, ni somo, ni akiba, au ni kukutana? Huenda swali lenyewe ni la kitabuni mno. Mwanamke huja kwa sababu ya akiba, maana hapo ana jambo la kumwambia mume. Hukaa kwa sababu ya wenzake. Na somo humwingia akiwa hapo. Akina mama wa Mkoa wa Kati katika miaka ya 1960 na 1970 waliochangishana hadi kila nyumba ikapata paa la mabati hawakufundishwa jambo hili na mtaalamu yeyote.

Takwimu za kitaifa nazo zinadokeza mahali pengo lilipo. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 89 katika kila 100 hujifungua wakisaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi, kutoka 62 mnamo 2014. Hayo ni mafanikio makubwa, na sera ya kujifungua bila malipo iliyoanzishwa mnamo Juni 2013 ina sehemu yake. Lakini unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee, uliokuwa umepanda kutoka asilimia 32 mwaka 2008-09 hadi 61 mwaka 2014, ulisimama katika 60. Vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilitoka 22 katika kila 1,000 hadi 21 tu.

Kwa maneno mengine, taifa limefaulu kumfikisha mama hospitalini. Kumfuata hadi nyumbani ndiko kumelishinda.

Na hapa pana jambo dogo ambalo halihitaji mfadhili kulitambua. Kwa mujibu wa ratiba ya chanjo nchini Kenya, mtoto hurudi kliniki akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Maana yake ni kwamba wanawake waliojifungua wiki moja katika eneo moja hukutana mara tatu katika muda wa miezi miwili, kwenye benchi moja, wakiwa na watoto wa umri ule ule. Mwenye darasa la kukanda watoto London angelipa fedha nyingi kupata kundi kama hilo.

Zahanati hulipata bila jasho, kisha hulitawanya. Mama huamka alfajiri kuwahi foleni, huketi akimtazama mgongoni aliyemtangulia, mtoto huchomwa sindano, kijitabu hupigwa muhuri, naye huondoka. Baada ya wiki ya 14 hana sababu ya kurudi hadi mwanawe afike miezi sita, na ni katika muda huo ambapo uji wa mapema, maziwa ya ng'ombe na ushauri wa jirani huingia.

Kugeuza foleni hiyo kuwa kikao hakuhitaji jengo. Mkeka, kivuli na mtu mmoja wa kuanzisha mazungumzo vinatosha. Kumkanda mtoto kunaweza kuwa chambo kizuri cha kikao hicho, kwa kuwa mama mwenye haya ambaye hatasimama kueleza kwamba hulia usiku atakubali kuonyeshwa jinsi ya kumnyoosha mwanawe miguu. Akiwa ameinamisha uso, mikono ikiwa na kazi, atasema mwenyewe. Bibi wa zamani alilijua hilo. Isitoshe, mikono hiyo ndiyo itakayogundua joto la mwili, uvimbe wa tumbo au ngozi iliyogeuka rangi ya manjano kabla mambo hayajaharibika.

Mtu wa kuanzisha mazungumzo yupo pia, angalau kwenye karatasi. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Walipewa simu, mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu na ile ya sukari. Posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kwa Serikali Kuu na nusu kwa kaunti, na malalamiko ya kucheleweshwa kwa pesa hizo yamesikika mara kwa mara.

Mpango huo una sifa zake, lakini uliundwa kwa macho ya mpimaji. Mhamasishaji huenda nyumba hadi nyumba akijaza takwimu kwenye simu. Kazi ya kuwaketisha wanawake kumi pamoja haina safu ya kujaziwa, na jambo lisilo na safu ya kujaziwa halihesabiwi kuwa kazi. WHO hupendekeza mama na mtoto waonwe katika saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Ziara mbili za katikati ndizo zinazoweza kufanyika kijijini, na ndizo zinazoanguka kwa urahisi mvua ikinyesha au posho ikikosa.

Pesa ni mtihani mwingine. Linda Mama, bima iliyomgharamia mjamzito chini ya NHIF, ilifikia kikomo bima hiyo ilipobadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mnamo Oktoba 2024, na mahali pake pakaja Linda Jamii, inayotaka familia iwe imejisajili na, kwa huduma ya hospitali kubwa, iwe imelipa mchango wa mwaka. Kwa kibarua wa machimbo ambaye mapato yake hupanda na kushuka, mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja ni mlima. Mapema mwaka 2025 nayo Marekani ilisitisha misaada yake mingi ya afya, na miradi mingi ya kijijini nchini Kenya ikayumba. Ni katika nyakati kama hizi ambapo vikundi visivyogharimu chochote husifiwa na wakubwa, na ni vyema kutahadhari, kwa maana sifa hizo mara nyingi huwa njia ya kumtwisha mwanamke mzigo ulioishinda hazina.

Kuna pia wale ambao kikundi hakitawafikia kwa mwito wa kawaida. Wasichana ni wa kwanza. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Msichana wa miaka 16 haketi kwa raha katikati ya wanawake walioolewa wanaomtazama kana kwamba yeye ndiye somo la siku. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unampa haki ya kurudi shuleni; haumwambii nani atamkalia na mtoto. Kwake yeye kikundi cha wenzake, hata cha wanne, ni bora kuliko darasa la thelathini.

Akina baba ndio wa pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo na mama miezi mitatu, nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Hayo ni mazuri kwa mwenye barua ya ajira. Kwa mchimbaji, mvunja mawe, mchunga ng'ombe wa kulipwa na mwendeshaji wa bodaboda, sheria hiyo ni gazeti la jana. Katika madarasa ya Ulaya baba huja na kujifunza kumkanda mwanawe, na wengi hukiri kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza waliyomshika bila hofu. Hakuna sababu ya kudhani mwanamume wa Gilgil ana mikono migumu kuliko wao. Alichokosa ni Jumamosi moja asiyohitaji kuiuza.

Vikundi vyenyewe vina magonjwa yake, na anayevianzisha bila kuyajua atajuta. Akiba hugeuka deni, na mama aliyeshindwa kutoa mchango wake huacha kuja hata siku ya chanjo. Siri ya kitandani husikika sokoni kabla ya jua kutua. Lugha moja ikitawala, wasioielewa hujitenga, na katika eneo lenye kumbukumbu za 1992 na 2008 hilo si jambo dogo. Ni sharti Kiswahili kitumike, hata kama wengi waliopo wana lugha nyingine. Wauzaji nao hawako mbali. Sheria ya mwaka 2012 inapiga marufuku kuyatangaza maziwa ya kopo na kuwagawia wazazi zawadi, lakini muuzaji wa mafuta na dawa za tumbo hana sheria kali kama hiyo inayomzuia, na kundi la wanawake kumi wenye watoto wachanga ni soko tamu.

Kinachohitajika kwa kuanzia ni kidogo mno kiasi kwamba hakiwezi kuzinduliwa kwa kukata utepe: siku moja ya kliniki iliyotengewa wenye watoto wa umri mmoja, saa moja iliyohesabiwa kuwa kazi katika simu ya mhamasishaji, na fungu dogo la chai na mikeka katika bajeti ya kaunti. Sheria inaitaka kila kaunti isikilize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha makadirio yake mwishoni mwa Juni. Vikao hivyo kwa kawaida huitishwa asubuhi, siku ya kazi, wakati ambapo mwenye mtoto wa wiki sita yuko katika foleni nyingine.